Nataka kuhama kliniki ya bangi ya matibabu, lakini naogopa kubaki bila dawa

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Reading, Uingereza. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 47, na kazi yangu ni kutunza wazee. Mwaka 2019 niliumia mgongo nikimdaka mzee aliyekuwa anaanguka bafuni. Nilifanyiwa upasuaji, mgongo ukatulia, lakini mguu wa kushoto ukabaki unawaka kuanzia nyonga mpaka kisigino, kama mtu aliyepakwa pilipili ndani ya ngozi. NHS, yaani huduma ya afya ya serikali hapa, walinipa gabapentini, nikawa nasinzia kazini. Wakanibadilishia amitriptilini, asubuhi nikawa naamka kama nimepigwa rungu. Kodeini ilinifunga tumbo mpaka nikaiogopa.

Miaka miwili iliyopita mwenzangu wa kazini akaniambia kwamba hapa daktari bingwa anaweza kumwandikia mgonjwa bangi kama dawa. Nilishtuka sana. Kwetu neno hilo ni la vijana wa kijiweni na la polisi. Ila ukikesha siku tatu mfululizo, kuna mambo unaanza kuyafikiria upya. Nikajiandikisha kwenye kliniki binafsi, daktari akaniona kwa video, akasoma faili langu lote, akaniandikia mafuta ya kuweka chini ya ulimi jioni na maua kidogo ya kutumia kwenye kifaa cha mvuke siku maumivu yanapochachamaa. Shangazi, nililala. Nililala mpaka nikachelewa kazini.

Sasa shida yangu. Kwa miaka hii miwili nimepitia madaktari wanne. Kila anayekuja namsimulia upya, tangu bafuni mpaka leo. Mwezi Machi mafuta yangu yakaisha kwenye famasi yao. Hakuna aliyeniambia, nilijua baada ya kupiga simu mwenyewe kuuliza mbona mzigo haufiki. Mpaka daktari aandike cheti kingine na dawa ifike, zilipita siku 11. Nilifanya zamu mbili nikiwa naingia chooni kulia. Nililalamika kwa barua pepe, nikajibiwa poleni kwa usumbufu.

Shoga yangu yuko kliniki nyingine na anaisifu. Huko miadi ya kwanza ni bure, halafu unalipa pauni 20 kwa mwezi na humo mna miadi na vyeti vyote. Hapa kwangu nalipa pauni 60 kila miezi mitatu kumwona daktari, pauni 25 kwa kila cheti cha mwezi, na dawa yenyewe pauni 150 kwa mwezi pamoja na kuletewa. Huko dawa kama yangu ni pauni 165, na kuletewa ni pauni 8. Ananishauri nijiandikishe kimyakimya, nisiwaambie wa zamani, nichukue dawa pande zote mbili kwa miezi miwili mitatu ili nisije nikakwama tena kama Machi. Naogopa, lakini siku zile 11 naziogopa zaidi.

La mwisho. Desemba nakwenda Tanga kumwona mama, ana miaka 78 na hali yake si nzuri. Nitakaa wiki nne, na ndege inapitia Dubai. Nataka nibebe chupa moja tu ya mafuta, ikiwa na lebo yenye jina langu na cheti cha daktari. Nyumbani Tanga hawajui. Hata mume wangu hataki kusikia. Boksi langu nalificha juu ya kabati chini ya kanga. Alishaniambia kwamba hakuoa mvuta bangi.

Nisaidie.

Mama wa Tanga, Reading


Marahaba, mwanangu. Pole kwa mguu, na pole zaidi kwa zile zamu mbili.

Nianze na hilo boksi chini ya kanga, maana naona ndilo linalokufanya uyabebe haya yote peke yako. Huna ulichoiba. Tangu tarehe 1 Novemba 2018 sheria ya Uingereza inamruhusu daktari aliye kwenye orodha ya mabingwa kuandika dawa zitokanazo na bangi. Wazazi ndio waliolipigania jambo hilo. Juni ya mwaka huo maafisa wa uwanja wa ndege wa Heathrow walimnyang'anya mama wa Billy Caldwell mafuta ya mwanawe aliyokuwa ameyatoa Kanada. Mtoto ana kifafa kikali, akazidiwa na kulazwa, na nchi nzima ikaona. Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Sajid Javid, akatoa kibali cha dharura, na miezi michache baadaye sheria ikabadilika. Wewe unatumia mlango uliofunguliwa kwa machozi ya wazazi kama hao.

Kwa nini basi unalipa mfukoni? Kwa sababu mwongozo uliotolewa Novemba 2019 na NICE, chombo kinachoielekeza NHS matibabu gani yatolewe, uliwaambia madaktari wa NHS wasiitoe kwa maumivu ya muda mrefu, kwamba ushahidi hautoshi. NHS huitoa kwa nadra, zaidi kwa aina fulani za kifafa kikali, kukakamaa kwa misuli kwa wenye MS, ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo, na kichefuchefu cha matibabu ya saratani. Wengine wote, wewe ukiwemo, mmeachiwa kliniki binafsi. Sisemi NICE wamekosea wala wamepatia. Nasema tu kwamba unayemlipa anakutazama kwa macho mawili, la tabibu na la mwenye duka, na kazi yako ni kutafuta mahali ambapo jicho la tabibu ndilo linaloona zaidi.

Ushauri wa shoga yako wa kuchukua pande mbili, hapana. Najua amekushauri kwa mapenzi, lakini hapo amekupoteza. Dawa hii kisheria imewekwa kundi moja na mofini. Kila daktari anapiga hesabu ya kiasi chako akiamini ni yeye peke yake anayekuandikia, na cheti chake kwa kawaida ni cha siku 30 zisizozidi. Ukipata viwili, hakuna hata mmoja kati yao anayejua kinachoingia mwilini mwako. Wakigundua, na hugundua, maana huandikiana barua na GP wako, yule daktari wa mtaani kwako, unaweza kufungiwa mlango kote kuwili. Hapo utakuwa na siku nyingi kuliko 11.

Na kuna gari. Hukusema kama unaendesha, lakini wengi wa kazi yenu huendesha kwenda zamu za usiku. Kiwango cha THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, kinachoruhusiwa kwenye damu ya dereva ni mikrogramu 2 kwa lita, kiwango kidogo sana, na mgonjwa anayetumia mafuta kila jioni anaweza kukipita hata asubuhi akiwa mzima kabisa. Kinachomkinga ni kwamba anatumia dawa aliyoandikiwa, kwa namna aliyoelekezwa, na hajalewa usukani. Ukishatumia vyeti viwili vya siri, hiyo "namna aliyoelekezwa" imekwenda. Ukijisikia mzito, usiendeshe, hata uwe na vyeti kumi.

Sasa tupige hesabu, maana bei ndiyo iliyomvuta shoga yako. Ulipo sasa, kumwona daktari ni pauni 240 kwa mwaka, vyeti ni 300, dawa 1,800. Jumla 2,340. Huko kwingine ada ya mwezi inafika pauni 240 kwa mwaka, dawa 1,980, kuletewa 96. Jumla 2,316. Umeona? Ile "miadi ya kwanza ni bure" na mengine yote yanakuokolea pauni 24 kwa mwaka mzima, pauni mbili kwa mwezi. Ndiyo maana nawaambia wote wanaoniuliza wasitazame bei ya miadi wala bei ya gramu. Chukua mwaka mzima, jumlisha kila kitu mpaka bahasha. Kliniki nyingine hushusha mlangoni na kupandisha jikoni.

Kwa hiyo kwa bei tu, nisingehama. Kwa madaktari wanne na siku 11, ningehama, na nakuambia hivyo bila kusita. Maumivu ya neva hayapimwi kwa mashine. Daktari anategemea kukukumbuka: Januari ulikuwa unaamka mara ngapi, Aprili ukaacha fimbo, Juni kichwa kikawa kizito ukapunguziwa. Anayekuona mara moja halafu hakuoni tena hawezi kujua kama dawa inakusaidia au umeshaizoea tu. Na hii dawa mwili huizoea, mwanangu, tusidanganyane. Anayeiandika lazima awe mtu wa kukuuliza, tena kwa ukali kidogo, kama bado unaihitaji kwa kiasi kilekile.

Zile siku 11 zilitokana na jinsi mambo yanavyokwenda, na ukielewa hapo utajua cha kuuliza unakokwenda. Cheti chako kinataja bidhaa moja kwa jina na nguvu yake. Ikiisha, mfamasia haruhusiwi kukupa nyingine inayofanana. Ni lazima daktari aandike upya. Na kwa kuwa ni dawa inayodhibitiwa, mara nyingi karatasi yenyewe ndiyo inayotakiwa kufika famasi, kisha cheti kina uhai wa siku 28 tu. Kwa hiyo dawa kukosekana si kosa la kliniki kila mara. Shehena nyingi hutoka nje ya nchi na huchelewa. Kosa lao ni kunyamaza. Walijua dawa imeisha, wakakuacha wewe ndiye ugundue.

Basi kabla hujatoa hata senti, ipigie simu hiyo kliniki mpya na uulize mambo haya kwa sauti yako, usitosheke na tangazo. Nitakuwa na daktari yuleyule? Dawa yangu ikikosekana nani ananipigia, na cheti kipya huchukua siku ngapi? Je, naweza kupeleka cheti famasi yoyote, au nimefungwa na yenu? Hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mgonjwa mwenye ruhusa ya kupeleka cheti chake kokote, famasi moja ikikaukiwa anatafuta nyingine. Aliyefungwa na famasi moja anangoja. Sikiliza pia jinsi wanavyokujibu. Dada wa mapokezi asiyejua siku ngapi lakini akasema "subiri nimuulize mfamasia" ni bora kuliko anayekuambia usijali.

Thibitisha wao ni nani. Kliniki iliyoko England lazima iwe imesajiliwa CQC, mkaguzi wa huduma za afya, na ripoti ya ukaguzi, kama wameshakaguliwa, iko wazi kwa kila mtu. Jina la daktari litafute kwenye rejista ya GMC, baraza linalosajili madaktari, uone kama yuko kwenye orodha ya mabingwa na ubingwa wake ni wa nini. Wewe ni mtu wa maumivu. Usikubali kupangiwa bingwa wa fani isiyohusiana kabisa kwa sababu tu ndiye mwenye nafasi.

Kuhama kwenyewe kuna mpangilio, na mpangilio huo ndio utakaokuepusha na pengo. Usianze dawa ikiwa imebaki siku tano. Anza wiki ileile uliyopokea mzigo mpya, ili uwe na karibu mwezi mkononi. Siku hiyohiyo waandikie kliniki ya zamani, kwa adabu, uombe nakala ya rekodi zako zote: barua za kila miadi, bidhaa zote ulizowahi kuandikiwa na viwango vyake, na sababu za kuacha zile zilizoshindikana. Hizo ni zako. Sheria ya ulinzi wa taarifa inakupa haki ya kuzipata bure, kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja. Huna haja ya kueleza kwa nini unazitaka wala kuomba radhi. Na GP wako akupe muhtasari wa historia yako, maana kliniki mpya itataka kuona kwamba ulishajaribu matibabu mengine kabla ya haya. Gabapentini, amitriptilini na kodeini zinatosha kabisa kuonyesha hivyo.

Ukikaa na daktari mpya, mwambie wazi: niko kliniki fulani, dawa ya mwisho nilipokea tarehe fulani, itaisha tarehe fulani, nataka kuhamia kwenu. Kuonana na kliniki mpya kabla hujafunga ya zamani si dhambi, ilimradi hufichi na hakuna vyeti viwili. Kliniki nyingine hutaka kwanza barua ya kuagwa kutoka ulikotoka, uliza mapema. Baada ya daktari kukubali na jopo lao kupitisha, ndipo uwaandikie wa zamani: naomba mfunge faili langu, msitoe cheti kingine kuanzia tarehe hii. Omba wathibitishe kwa maandishi.

Kama dawa mpya ni ya kampuni nyingine, hata lebo ikisoma nguvu ileile, usiichukue kama ndiyo ile. Mmea mwingine, mafuta ya kuchanganyia mengine, na mwili unaweza kuipokea vingine. Muulize daktari uanze na matone mangapi, anza usiku ambao kesho yake huna zamu. Moyo ukienda mbio au ukiona mawazo yanakugeuka, mpigie simu. Na yale maua ni ya kifaa cha mvuke tu. Kuyasokota ukayavuta kama sigara kunakatazwa hata ukiwa na cheti.

Malalamiko yako ya Machi usiyaache pale kwenye "poleni kwa usumbufu". Waandikie tena, utaje tarehe, utaje siku 11, uombe jibu rasmi la malalamiko. Wasipokuridhisha, uliza kama ni wanachama wa ISCAS, chombo huru kinachosikiliza migogoro ya hospitali na kliniki binafsi. CQC haitakuamulia kesi yako, lakini hupokea taarifa za wagonjwa na huzitumia wanapokwenda kukagua. Famasi nayo ina msimamizi wake, GPhC.

Sasa Tanga. Hapa naomba unisikilize kama mama yako angekuwa amekaa mbele yako. Usiibebe. Hata chupa moja, hata tone. Cheti chako kina nguvu Uingereza. Ukitua Tanzania hakina. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haimtambui daktari wa Reading, na adhabu zake ni nzito. Kabla hujafika huko unapitia Dubai, na nchi za Ghuba hazina utani na bangi, hata kwa abiria anayebadilisha ndege tu. Mama wa Billy alinyang'anywa mafuta Heathrow, akarudi nyumbani na mwanawe. Wewe huenda usirudi kwa miezi, huku mama yako akiulizia umefika wapi.

Wala usifikirie kuipata huko huko kwa njia ya mtaani. Wiki sita kabla ya safari, yaani mwishoni mwa Oktoba, omba miadi maalumu na daktari wako, umwambie utakaa wiki nne bila dawa hii. Kuna watu wanaoikatisha ghafla wakakosa usingizi, wakawa na hasira na jasho la usiku kwa siku kadhaa; akupangie kuipunguza taratibu. Akupangie pia kitu cha kushika nafasi yake. Huenda dozi ndogo ya amitriptilini usiku, ambayo ilikulemea ulipokuwa na zamu za alfajiri, ikavumilika ukiwa nyumbani kwa mama bila zamu. Hiyo yeye ndiye wa kuamua, mimi nakupa la kumuuliza. Dawa yoyote ya maumivu utakayobeba iwe kwenye boksi lake, na barua ya daktari.

Ndiyo maana pia nasema kuhama kliniki kusigongane na safari. Ama uhame sasa, utulie na daktari mpya kabla ya Oktoba, ama ungoje urudi Januari. Kuhama Novemba kutakuweka katikati ya kliniki mbili, ukipunguza dawa ambayo hata hujaizoea.

Imebaki mume. Hukuniuliza, lakini umeliandika. Huyo baba hajakukataa wewe, amelikataa neno. Usimbishie juu ya neno. Miadi yako ijayo ya video, mwambie akae pembeni yako, asikie daktari anakuuliza nini na anakukataza nini. Mwonyeshe lebo yenye jina lako na tarehe. Akishakaa hapo dakika 20 ataona kwamba ni matibabu kama mengine, au atabaki na wasiwasi wake, lakini utakuwa wasiwasi wa mtu aliyeona. Tena unamhitaji. Desemba ukiwa Tanga, kile kitakachobaki ndani ya nyumba kitahitaji kabati lenye kufuli na mtu anayejua kilichomo, hasa kama kuna watoto.

Mfikishie mama salamu zangu, na umwambie namwombea nafuu. Ukishapata majibu ya kliniki mpya kuhusu daktari na famasi, niandikie tena, tuyatazame pamoja kabla hujasaini.

Shangazi